Mate ya Jikoni

Jumanne, 6 Februari

Mwanangu mpendwa, kifungua mimba wangu,

Hujambo? Mimi sijambo. Magoti ndiyo yanalalamika, lakini yalianza kulalamika wewe ukiwa darasa la tatu, kwa hiyo hiyo si habari. Vipi huko mjini? Kikohozi cha yule mwenzako mnayelala chumba kimoja kimepoa? Na wewe unakula, au bado unaishi kwa chai kavu?

Barua hii anakuletea dereva wa maabara yenu. Tangu nijue kwamba gari linalokuja kuchukua mate ya shule yetu kila Jumanne ndilo linaloishia mlangoni kwako, simu nimeiweka kabatini. Simu yangu ina sauti kubwa, nikiongea jirani ndiye anayejibu. Dereva nimempa chai na mkate, na ameahidi kuibeba barua mfukoni mwa shati, si kwenye sanduku la baridi pamoja na hayo mambo yenu.

Sasa nikupe habari za hayo mambo yenu. Leo asubuhi kabla ya chai, bwalo zima lilikuwa limesimama linatema mate. Kila mwanafunzi na kichupa chake chenye stika ya namba, anatakiwa ajaze mpaka mstarini, ili mjue nani ana virusi vya mafua makali kabla hajaanza hata kupiga chafya. Jambo zuri, silibishi. Lakini mtoto aliyetoka kitandani sasa hivi, hajanywa hata maji, mate atayatoa wapi? Wanajikamua mashavu, macho yamewatoka, kinachotoka ni povu. Na matroni anapita katikati yao: "Povu halihesabiwi! Povu halihesabiwi!" Nilicheka mpaka nikashika meza. Wengine walichukua saa nzima, chai ikapoa. Wiki ijayo nitawatafutia dawa.

Wametema wanafunzi. Wametema walimu, wao kwenye chumba chao. Katema karani. Hata yule mwalimu wa muziki anayekuja Alhamisi tu kaitwa aje kutema. Sisi wanawake tisa wa jikoni tulinawa, tukapanga foleni, na mwalimu mkuu akatusimamisha. Unamkumbuka, yule wanafunzi wanamwita Bwana Utaratibu. "Utaratibu, mama, utaratibu. Karatasi ya maabara inasema wanafunzi na wafanyakazi. Ninyi ni vibarua." Karani akainua kichwa akamsahihisha: "Vibarua wa kudumu, mwalimu." Miaka ishirini na miwili, mwanangu. Hakuna sahani katika shule hii ambayo mkono wangu haujaishika. Nikikohoa juu ya sufuria, shule nzima imekohoa. Halafu mimi sipimwi, anapimwa mpiga kinanda wa Alhamisi!

Damu ilinichemka. Kichupa kimoja kilianguka chini ya meza, stika yake ikachanika, matroni akasema kikatupwe. Nikakitia mfukoni mwa aproni. Nikaenda stoo, nikakijaza mpaka mstarini bila povu hata kidogo, nikaandika kwa peni: JIKONI 1. Sasa kimo sandukuni katikati ya vyao. Ukikiona, ujue ni mama yako. Kipime.

Mama yako


Jumapili, 11 Februari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na magoti yana subira. Mimi sijambo, ninakula, usiwe na wasiwasi. Mwenzangu amepona na amerudi kukoroma kama kawaida yake.

Mama, nilikiona kichupa chako. Nilikuwa nimevaa glavu na barakoa, nafungua sanduku, natoa namba moja moja naziingiza kwenye kompyuta. Nikafika kwako. Ile J yako yenye mkia mrefu naijua, umeiandika kwenye madaftari yangu yote. Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka.

Sheria yetu ni moja: kichupa kisicho na namba kwenye orodha hakipimwi. Jibu lisilo na mwenyewe siku moja litampata mtu asiye wake, na mtu huyo atafungiwa chumbani bure, na mgonjwa wa kweli ataendelea kupakua chakula. Ndiyo maana tuna sheria hiyo, na mimi naiamini. Kwa hiyo nilikitupa, Mama. Nilikitia kwenye ndoo ya taka, nikafunga kifuniko, nikaendelea na namba iliyofuata. Ningeweza kukuambia kwamba kilipotea njiani, lakini sikulelewa hivyo.

Orodha tunaletewa na shule, hatuiandiki sisi. Mwendee mwalimu mkuu tena, mwombe kwa upole, huenda akaelewa. Na tafadhali usirudie. Kama angekifungua mwingine, ungeulizwa.

Kazi yenyewe inasaidia. Katika sanduku lenu tumepata wanafunzi wawili wenye virusi, hawajaanza hata kuumwa koo. Matroni amewatenga siku hiyo hiyo. Bila vichupa wangelala bweni moja na wenzao arobaini.

Usinikasirikie.

Mwanao


Jumanne, 13 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mzima.

Kwa upole! Nimekuwa mpole miaka ishirini na miwili, na upole wenyewe umenifikisha kwenye ndoo ya taka. Nilikutia mate haya haya usoni ukiwa mchanga kukufuta tope, ukaenda shule unang'aa. Leo umeyafunikia kifuniko.

Najua ulifuata sheria. Simchukii anayefuata sheria. Ninachotaka kujua ni hiki: sheria ikimwacha mama yako nje, wewe unasimama upande gani wa mlango? Usinijibu haraka. Ukishajua ndipo uniandikie.

Watoto leo wametema vizuri mno, hata chai ilikuwa haijachemka wameshajaza. Hakuna povu. Matroni kanikumbatia mbele ya watu. Nilisema nitawatafutia dawa, nimewatafutia. Nimefanya hivyo ingawa mimi si mfanyakazi.

Mama yako


Ijumaa, 16 Februari

Mama,

Shikamoo. Sijui kama umetulia, lakini hili haliwezi kungoja. Nimemwomba dereva aipitishe barua kesho akienda shule ya pili.

Vichupa vya wanafunzi wenu vyote vimeharibika. Si kimoja wala viwili: mia moja tisini na sita. Vya walimu vizima, vya wanafunzi vyote batili. Dawa yetu ya kupimia inatakiwa ibaki na rangi ya waridi mpaka mashine ifanye kazi yake, ndipo kwa anayeugua rangi igeuke kuwa njano. Hii ilikuwa ya njano pale pale nilipoidondoshea mate, kichupa baada ya kichupa, mpaka nikadhani dawa imeoza. Nikafungua chupa mpya ya dawa. Njano. Mkuu wa maabara akaja kusimama nyuma yangu. Njano.

Katika kichupa cha tisini na tatu nikakuta mbegu. Mbegu ya ndimu.

Mama, nilipokuwa mdogo na kunywa dawa chungu, ulikuwa unanikatia kipande cha ndimu nilambe kwanza, mate yajae, dawa iteleze. Hakuna mwingine ninayemjua anayefanya hivyo. Ni wewe, siyo?

Mtu akishalamba kitu kichachu, mate yake yanageuka, na dawa haiwezi tena kutofautisha uchachu na ugonjwa. Ndiyo maana karatasi ya maelekezo inasema: nusu saa kabla ya kutema, kisiingie kitu mdomoni, hata maji. Karatasi ilipelekwa shuleni tangu Januari. Hukuiona?

Ubaya wake ni huu. Vichupa vipya vimekwama bandarini, shule yenu haitapata vingine mpaka tarehe 26. Siku zote hizo hatutajua nani anaumwa. Na wale wawili tuliowakuta wiki ya kwanza walikuwa wameshakaa na wenzao.

Kwenye ripoti nimeandika: "Kitu kichachu, chanzo hakijulikani." Sijakutaja. Nawe usijitaje. Naomba unielewe, nimejua sasa nasimama upande gani.

Mwanao


Jumapili, 25 Februari

Mama,

Shikamoo. Jumanne dereva amerudi mikono mitupu. Nilimuuliza mara mbili kama ametazama mifuko yote. Hujawahi kuninyamazia hivi, hata ule mwaka nilipokata nywele.

Anasema una afya, amekuona kwa mbali unamwaga maji. Lakini anasema pia kwamba chumba cha matroni kimejaa, wagonjwa wamefika thelathini na mmoja, na binti mmoja wa kidato cha kwanza amepelekwa hospitali kuwekewa hewa. Roho yangu iko juu tangu nisikie.

Na kuna jingine. Mwalimu mkuu ameiandikia maabara. Anasema ugonjwa umeletwa na wanawake wa jikoni kwa sababu wanalala nje ya shule, na kwamba kuanzia mwezi ujao atawaondoa wote tisa na kuleta wengine. Mkuu wangu alinisomea hiyo barua akiwa hajui wewe ni nani kwangu. Nilitikisa kichwa kama mtu asiyehusika, na naona aibu.

Mama, nakuomba. Akiwasema, mnyamaze. Ukitaja ndimu, atakuwa na sababu kweli ya kukufukuza. Ukinyamaza, mimi nitatafuta njia huku. Niachie mimi.

Mwanao


Jumanne, 27 Februari

Mwanangu,

Marahaba, marahaba sana. Sijambo kwa mwili. Samahani kwa kukunyamazia. Nilikuwa nashindwa kuandika, na utaelewa kwa nini.

Yule binti aliyepelekwa hospitali namjua. Ndiye anayekula polepole kuliko wote, namwekea sahani yake pembeni ya jiko isipoe. Siku ile ya ndimu alikuwa wa mwisho, kinywa kimekauka, anataka kulia. Kipande nilimpa kwa mkono wangu. Nikamwambia, "Lamba, mwanangu, usiogope." Barua yako ya mbegu niliisoma nikiwa nimekaa juu ya gunia la maharage, na sikuinuka mpaka wenzangu walipokuja kuniuliza kama nimefiwa.

Sasa sikiliza yaliyotokea jana. Saa nne asubuhi Bwana Utaratibu alikusanya shule nzima bwaloni, sisi tisa akatusimamisha mbele, karibu na meza ya kupakulia. Akaanza. Ugonjwa una mlango wake wa kuingilia, akasema, na mlango huo ni jikoni. Hawa wanatoka mitaani, wanaingia na kutoka, hatujui wanalala na nani. Alisema hivyo mbele ya watoto, mwanangu. Kuna wanawake pale wana wajukuu. Na nilikuwa na barua yako ya mbegu kifuani, inaniambia nisijitaje.

Sikunyamaza. Nilikuwa na upawa mkononi, nikaugonga mezani mara moja.

"Mwalimu," nikasema, "ugonjwa sijui nani kauleta, na wewe hujui, kwa sababu sisi hujawahi kutupima. Ila wiki ile vipimo vilivyoharibika, nimeviharibu mimi. Ndimu ni zangu. Nilikata kumi na nane, nikawalambisha watoto wote ili mate yatoke. Sikujua kwamba zinaharibu. Nawaomba radhi ninyi watoto, mmoja mmoja, na yule aliyelala hospitali nitamwomba mwenyewe."

Yeye akapata nguvu, akanyoosha kidole.

"Mnaona? Mnaona? Na karatasi ya utaratibu ilibandikwa wazi, mama!"

"Ilibandikwa wapi?"

"Chumba cha walimu."

"Na mimi naingia chumba cha walimu?"

Wote wanajua. Sinia langu la chai huishia mlangoni, juu ya kigoda, na sheria hiyo kaiweka yeye mwenyewe miaka sita iliyopita. Nikamwambia, "Karani kasoma karatasi. Mpiga kinanda wa Alhamisi kaisoma. Mimi ninayesimama na watoto hawa wakitema sikuisoma, kwa sababu kwenye orodha yako mimi si mtu. Ungeniandika kama mfanyakazi, ndimu zangu zingekuwa kwenye kikapu mpaka leo. Kwa hiyo mimi kosa langu nimelibeba. Na wewe beba lako."

Akaniambia nivue aproni. Nikaivua, nikaikunja vizuri, nikaiweka juu ya meza ya kupakulia. Basi, kibarua changu cha kudumu kimeota nyasi, nikajisemea. Nilipofika mlangoni nikasikia vishindo nyuma yangu. Wenzangu wote wanane, aproni nane juu ya meza. Hakuna aliyewaambia. Tukasimama nje kwenye jua na nikamwambia mwalimu kupitia dirishani: jiko tutaliwasha siku tutakayopanga foleni na kutema kama wengine. Kabla ya hapo hatuingii.

Jana jioni walimu wamepika. Mwalimu wa hesabu kaunguza maharage, harufu imefika mpaka kwangu. Leo vichupa vipya vimefika na matroni ameniambia kwenye uzio kwamba ni povu tupu.

Sasa wewe. Ulichoandika kwenye ripoti ni uongo, na umeuandika kwa ajili yangu. Nakushukuru, na kifute. Sikutaka kamwe usimame upande wangu kwa kunificha. Kichupa changu ulikitupa kwa sababu hakikuwa na jina, na kosa langu nalo ukaliondoa jina. Nipe vyote viwili. Andika: ndimu ni za mpishi wa shule, na huyo mpishi hakupewa karatasi. Weka saini yako.

Mama yako


Jumapili, 3 Machi

Mama yangu,

Shikamoo, na leo naisema nimesimama.

Nimekusoma mara tatu. Mara ya kwanza niliogopa, mara ya pili nikalia, mara ya tatu nikaenda kugonga mlango wa mkuu wa maabara. Nilimpa ripoti mpya. Nikamwambia mpishi ni nani kwangu.

Akaniuliza, "Kwa nini uliandika uongo?"

Nikamwambia, "Kwa sababu ni mama yangu."

"Na kwa nini sasa unaandika kweli?"

"Kwa sababu hiyo hiyo."

Nimepewa barua ya onyo, Mama, ya kwanza maishani mwangu, na nimeistahili. Imekaa kwenye faili langu na wala sijutii. Lakini nilipoinuka sikutoka. Nilimwonyesha orodha ya shule yenu na nikamuuliza: kwenye hii orodha, nani anashika chakula? Akapitisha kidole kutoka juu mpaka chini. Hakuna. Walimu kumi na watano, karani, matroni, na mtu wa muziki. Akavua miwani. Akachukua orodha za shule nyingine tunazozipimia, akapitisha kidole tena. Shule saba hazina jikoni. Ni kana kwamba watoto wanajipikia wenyewe.

Ijumaa zimetoka barua kwa shule zote. Mfanyakazi ni kila anayefanya kazi ndani ya uzio, awe na mkataba au asiwe nao. Shule itakayoleta orodha bila wapishi, wafagizi na walinzi, sanduku lake halipokelewi. Na shule yenye wagonjwa thelathini na mmoja isiyopimwa, unajua mwenyewe wakubwa watasema nini: ifungwe. Bwana Utaratibu amepewa utaratibu.

Karatasi ya maelekezo nimeiweka humu ndani, yako. Ibandike jikoni, pale juu ya swichi, ambapo na wewe utaiona na walimu wakija kuomba chai wataiona.

Halafu kuhusu watoto na povu. Nimejaribu jambo hapa na wenzangu, tukiwa tumekaa kwenye veranda. Nilichukua ndimu, nikaikata mbele yao polepole, nikaikamua kwenye glasi. Hakuna aliyeigusa. Nikawaambia wafikirie tu. Mama, walimeza mate wote, hata mkuu. Tukayapima: waridi, safi kabisa. Kwa hiyo dawa yako ni dawa. Ilikuwa isiingie mdomoni tu.

Mwanao


Jumanne, 5 Machi

Mwanangu, jicho langu,

Marahaba! Hujambo? Mimi leo usiniulize, nimevaa kitenge kipya saa kumi na mbili asubuhi.

Jana mwalimu mkuu aliniita. Hakuniita ofisini, alikuja mwenyewe mpaka uzioni, barua yenu mkononi. Alianza, "Mama, kuna utaratibu mpya." Nikamwacha amalize. Watu wengine wangemsaidia. Mimi nilimwacha atafute kila neno, mpaka akalifikia lile la samahani. Nikamwambia tumesikia, na kigoda cha mlangoni pia akiondoe. Ameondoa.

Leo tumetema. Tisa, foleni moja na wanafunzi, mwalimu mkuu nyuma yangu kabisa. Kabla hawajaanza nilisimama juu ya benchi na ndimu moja na kisu. Nikawaambia watoto mikono nyuma, midomo wazi, hakuna atakayeonja. Nikaikata taratibu. Nikaikamua ndani ya glasi, tone, tone, nikakunja uso kama ninavyokunja. Bwalo zima, mwanangu! Mia mbili wanameza kwa pamoja, ikasikika. Yule binti wangu wa kula polepole amerudi toka Jumapili, mwembamba lakini anatembea. Nilimwomba radhi kama nilivyoahidi. Akasema, "Ila ile ndimu ilikuwa tamu, bibi." Nilimkumbatia mpaka matroni akasema foleni isogee.

Stika yangu ina namba. Haijaandikwa JIKONI, ni namba tu, kama ya watoto, kama ya mwalimu mkuu. Sikuambii ni ipi. Usiitafute. Kaa hapo kwenye mashine yako ufungue kila kichupa kana kwamba ni changu, na nikiwa mgonjwa usinionee huruma, andika.

Mama yako


Ijumaa, 8 Machi

Mwanangu,

Hujambo, mpenzi wangu? Barua hii dereva ataipokea dirishani akiwa amevaa barakoa, mkono kaunyoosha kama anayepokea nyoka. Usishtuke.

Ninavyo hivyo virusi. Jana mchana majibu yalifika, na kati ya wale tisa ni mimi peke yangu. Koo linawasha kidogo na kichwa kizito, basi. Matroni anasema nimekamatwa mapema sana, kabla sijakohoa hata mara moja juu ya sufuria. Wenzangu wanane ni wazima. Kwa hiyo ule mlango wa kuingilia aliousema mwalimu, mpaka Jumanne ulikuwa na mtu mmoja, na mtu huyo kafungiwa kwake na vidonge.

Najua uliifungua namba yangu bila kujua, ukaona rangi ikigeuka, ukaandika ulichokiona. Asante. Hiyo ndiyo niliyokuwa naitaka tangu kile kichupa cha kwanza.

Mwalimu mkuu ameniletea barua ya mapumziko, kaisukuma chini ya mlango. Juu imeandikwa: "Kwa mfanyakazi wetu." Nimeisoma mara nne. Halafu nimeirudisha airekebishe, kwa sababu aliandika siku tano, na karatasi yako, ile niliyoibandika jikoni, inasema mgonjwa apumzike saba. Nilimwambia kupitia mlangoni, "Utaratibu, bwana, utaratibu." Nikamsikia akitafuta peni. Sasa ni saba.

Unajua mimi nimepika na homa mara ngapi? Nimepika na malaria. Nimepika wiki niliyokuzaa, na wiki tuliyomzika baba yako. Kila asubuhi kengele ya chai ikilia pale shuleni, miguu yangu ilikuwa inashuka kitandani yenyewe kabla mimi sijaamka. Miaka ishirini na miwili, hakuna hata siku moja niliyoisikia nikiwa nimelala.

Imelia sasa hivi, nikiwa naandika mstari huu. Miguu ikataka kushuka. Nikaiambia itulie, nikavuta shuka. Imelia mpaka ikaisha, na chai imepakuliwa, na mimi bado nimelala.

Mama yako,
mfanyakazi